Punje Isiyo na Mwenzake: Kisa cha Nambari ya Bao, Langoni, Lamu

Bao lilikuwa la mbambakofi, limeshapigwa msasa, mashimo yote 32 yameshachimbwa na nyumba mbili zimeshatiwa pembe nne. Ilibaki kazi moja tu: nambari ya kuchongwa ubavuni. Lilikuwa zawadi ya mshindi wa mashindano ya mtaa hapa Langoni, na waliolitengenezesha walitaka liwe na jambo la kuwakalisha watu barazani hata baada ya mchezo kwisha. Wakakumbuka ile hadithi ya kale ya sataranji, ya mtu aliyeomba alipwe punje 1 kwa chumba cha kwanza, 2 kwa cha pili, 4 kwa cha tatu, na kuendelea maradufu hadi chumba cha 64. Bao halina vyumba 64, lakini lina kete 64. Basi kete ya kwanza ikapewa punje 1 ya mchele, ya pili 2, ya tatu 4, na jumla ya punje zote ndiyo ingechongwa.

Kazi ya kutafuta jumla alipewa binti wa kidato cha pili, mwanafunzi wangu. Alikwenda kwenye kompyuta, akafungua lahajedwali, akajaza mistari 64, kila mstari maradufu ya ule uliotangulia, akajumlisha, akachapisha. Karatasi aliyompelekea fundi ilisema 18446744073709600000. Fundi akaibandika ukutani mbele yake, akapima nafasi kwa rula na kuchora mistari miwili ya penseli. Mti huu ni mgumu, na ukishaukata kwa patasi hakuna kufuta.

Aliyemzuia ni babu yake huyo binti. Mzee huyo alikuwa karani wa boriti katika siku zake, akihesabu mikoko inayoshuka kutoka majahazini korja kwa korja, ishirini ishirini. Aliitazama karatasi, akaweka kidole kwenye sufuri ya mwisho. "Kete ya kwanda ina punje moya," akasema. "Hizi nyingine zote ni shufwa. Mbili, nne, nane, zote zina wenzi wao. Sasa jumla itakuwaye shufwa? Na ile moya i wapi?"

Nikaitwa mimi, mwalimu wa hesabu. Nitasema nilivyosema, kwa sababu ndiyo sehemu ya kisa inayonisumbua mpaka sasa. Nilimwambia, "Ami, kompyuta haikosei kujumlisha." Nilisema hivyo bila kuikagua ile karatasi, mbele ya mjukuu wake. Mzee hakunijibu. Alichukua kete tatu za komwe, akaziweka mbili pamoja na moja kando, akaninyooshea mkono nitazame.

Hapo ndipo nilipofikiri. Hoja yake haina pa kuingiza sindano. Ukijumlisha nambari shufwa, hata ziwe 63, hata ziwe milioni, jumla ni shufwa. Ukiongeza 1, inakuwa witiri. Huhitaji kuijua jumla yenyewe ili ujue kwamba ni witiri, wala huhitaji mashine. Nambari inayoishia na sufuri si witiri. Kwa hiyo karatasi ilikuwa na kosa, na mtu aliyeliona hakuzidisha hata mara moja.

Nikatoa simu nikatumia kikokotoo chake. Nilijua njia ya mkato: jumla ya kete zote ni pungufu ya moja tu kwa kiasi ambacho kete ya 65 ingekuwa nacho, kama ingekuwepo. Jaribu na tatu: 1 + 2 + 4 ni 7, na kete ya nne ina 8. Simu ikanipa 2 kwa kipeo cha 64, yaani mbili 64 zilizozidishwa pamoja: 18,446,744,073,709,551,616. Nikamsomea fundi, naye akaanza kuandika, mzee akauliza tena, "Moya i wapi?" Nilikuwa nimeisoma kete ya 65 na kusahau kutoa 1. Mara ya pili hoja ileile ikatuokoa, ingawa kosa lilikuwa jingine kabisa.

Mzee aliongeza la pili, ambalo nadhani alilizoea zamani kwenye daftari za boriti. Tarakimu ya mwisho ya maradufu haizururi ovyo: 2, 4, 8, 6, kisha 2, 4, 8, 6 tena, bila kikomo, na sufuri haimo. Kila hatua ya nne ni 6. Hamsini na mbili, sitini, sitini na nne, zote zinagawanyika kwa 4, kwa hiyo 2 kwa kipeo cha 64 lazima iishie na 6. Toa 1, jumla yetu lazima iishie na 5. Basi kabla ya kuzijua tarakimu nyingine, ya mwisho tulikuwa nayo, na pamoja nayo tukajua kwamba jumla inagawanyika kwa 5.

Binti alikuwa kimya muda wote huo, na niliona uso wake. Hakuwa amekosea kitu. Mistari yake 64 ilikuwa sawa, kanuni ilikuwa sawa. Kesho yake tulikaa naye mbele ya kompyuta ileile tukashuka mstari kwa mstari mpaka tukapapata. Mstari wa 50 ulisema 562949953421312, na hiyo ni sahihi. Maradufu yake ni 1125899906842624. Mstari wa 51 ulisema 1125899906842620. Ile 4 ya mwisho ilikuwa imegeuzwa sufuri. Programu ya aina hii huonyesha tarakimu 15 za mwanzo tu. Zinazozidi huzikadiria na kujaza sufuri, wala haikupi onyo lolote. Mtu akitazama safu nzima ataona nambari ndefu na nadhifu, na unadhifu huo ndio uliotupumbaza.

Lakini kuonyesha ni jambo moja na kutunza ni jambo jingine, na kosa la pili lilikuwa ndani zaidi. Nilimwomba aongeze mstari wa 65, kisha atoe jumla ya 64. Jibu lilipaswa kuwa 1. Likaja 0. Sababu ni kwamba ndani ya mashine nambari huandikwa kwa 0 na 1 peke yake, na programu hiyo hutunza tarakimu 53 za namna hiyo. Katika maandishi hayo kila kete ni tarakimu 1 mahali pake: kete tatu ni 111, kete kumi ni 1111111111. Kete 53 ni moja 53 zilizojipanga, 9,007,199,254,740,991, na zinaenea barabara. Ya 54 ikija hakuna nafasi. Mashine inakadiria kwenda juu, na 18,014,398,509,481,983 inatunzwa kama 18,014,398,509,481,984. Yaani haikuitupa ile punje ya peke yake. Iliitafutia mwenzake wa kubuni, na tangu hapo hadi kete ya 64 jumla ikawa shufwa.

Basi tukakubaliana kuwa nambari itakayochongwa ipatikane kwa mkono, na simu iwe shahidi tu.

Kuzidisha kwa mbili mara 64 kunachosha na kunaleta makosa. Iko njia fupi, na ni ya zamani sana: al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, aliitumia kwa hesabu hiihii ya sataranji yapata mwaka 1000. Chukua kete ya 5, yenye 16. Zidisha 16 kwa 16, unapata 256, nayo ni ya kete ya 9. Ya 9 kwa yenyewe inakupa ya 17, yaani 65,536. Ya 17 kwa yenyewe inakupa ya 33, 4,294,967,296. Na ya 33 kwa yenyewe inakufikisha ya 65. Ukianza na 2 yenyewe ni hatua sita tu. Binti alipoona hilo alicheka kwa furaha, na mimi nimekuwa nikilifundisha kila muhula tangu siku hiyo.

Hatua ya mwisho ndiyo nzito, nayo tuliifanya kwenye karatasi ya kufungia, mimi na binti kila mmoja upande wake. Tuliikata 4,294,967,296 vipande viwili: milioni 4,294, na 967,296 iliyobaki. Kipande cha kwanza kwa chenyewe ni 18,438,436. Kimoja kikizidishwa kwa kingine, kisha mara mbili, ni 8,307,138,048. Cha pili kwa chenyewe ni 935,661,551,616. Ukivipanga mahali pake:

18,438,436,000,000,000,000
8,307,138,048,000,000
935,661,551,616

Jumla ya mistari hiyo mitatu ni 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja: 18,446,744,073,709,551,615. Inaishia na 5, kama alivyosema mzee. Akazihesabu tarakimu kwa ncha ya kalamu na kutabasamu. "Korja moya kamili." Kweli, ziko 20.

Fundi aliuliza ni mchele kiasi gani. Tulikwenda dukani tukapima gramu na kuhesabu punje, zikawa arobaini na kitu. Tukichukua 40 kwa gramu, jumla ni tani bilioni 461. Dunia nzima huvuna takriban tani milioni 500 za mchele kwa mwaka, kwa hiyo ni mavuno ya zaidi ya miaka 900. Fundi alitikisa kichwa na kurudi kwenye msasa wake. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha.

Kwa mzee halikuwa limekwisha. Alitaka kujua hiyo nambari inagawanyika kwa ngapi. Karani wa boriti daima anauliza hivyo: shehena hii inagawika korja ngapi, na wachukuzi wangapi wataibeba bila kubaki kitu. Kwa 5 tulishajua. Kwa 3 tulijumlisha tarakimu zake, zikaja 87, nayo inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Baada ya hapo kujaribu ovyo hakuna mwisho, maana nambari ni ya tarakimu 20.

Kilichofungua mlango ni kitu ambacho binti alikuwa amekisoma darasani mwezi huohuo: tofauti ya vipeo viwili vya pili. Nambari yoyote ikizidishwa kwa yenyewe kisha ukatoa 1, matokeo yake ni ile nambari kutoa 1, mara ile nambari kuongeza 1. Jaribu na 16: 256 kutoa 1 ni 255, na 15 mara 17 ni 255. Sasa jumla yetu ni 4,294,967,296 kwa yenyewe, kutoa 1. Kwa hiyo ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Na ile ya kwanza nayo ni 65,536 kwa yenyewe, kutoa 1. Nayo inapasuka vilevile, na kipande chake nacho, mpaka chini kabisa. Ngazi ileile ya al-Biruni tuliyoipandia ndiyo tuliyoishukia, na kila kipandio kinatuachia kigawo kimoja:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Vitano vya mwanzo ni nambari tasa, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kila kimoja ni kipeo cha mbili kuongeza moja. Pierre de Fermat wa Ufaransa, mwaka 1640, aliandika kwamba anaamini zote za ngazi hii ni tasa, hata ukipanda vipi. Kwa vitano hivyo alikuwa sahihi. Cha sita kina tarakimu 10, na kwa muda wa miaka 92 hakuna aliyeonyesha kwamba amekosea. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler ndiye aliyekipasua: 641 mara 6,700,417. Hadi leo, katika ngazi nzima, haijapatikana tasa nyingine zaidi ya zile tano.

Napenda kuonyesha kwa nini ni 641, kwa sababu hapa hesabu inapendeza na haihitaji mashine. 641 ni 5 × 128 + 1. Pia 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 16. Sasa 4,294,967,296 ni 16 × 128⁴. Badala ya 16 andika 641 − 625. Inakuwa 641 × 128⁴, kutoa 625 × 128⁴. Lakini 625 × 128⁴ ni (5 × 128)⁴, yaani 640⁴. Ongeza ile moja yetu: 4,294,967,297 ni 641 × 128⁴, kutoa (640⁴ − 1). Na 640⁴ − 1, kwa tofauti ileile ya vipeo vya pili, ni 639 × 641 × 409,601. 641 imo pande zote mbili. Mzee aliomba nirudie mara tatu, mara ya tatu akanirudishia yeye mwenyewe kwa kete.

Fundi alirudi tulipotaja 17, kwa sababu ana bikari mkononi siku nzima. Ua la majani sita analigawa bila kufikiri: anaiacha bikari wazi kwa upana uleule wa nusu ya kipenyo cha duara na kuitembeza ukingoni mara sita. Nilimweleza kwamba mwaka 1796 kijana wa miaka 18, Carl Friedrich Gauss, aligundua kwamba duara linaweza kugawanywa sawasawa mara 17 kwa rula na bikari tu, na kwamba siri iko katika nambari hizihizi: 3, 5, 17, 257, 65,537. Akauliza, "Na 7, Mwalimu?" Saba haimo. Ilithibitishwa mwaka 1837 kwamba haiwezekani. Akaniambia, "Ndiyo maana ua la majani saba sikupata kulitoa kamili. Nalifanya kwa jicho." Ukizidisha zile tano pamoja unapata 4,294,967,295, nayo ndiyo idadi kubwa kabisa ya sehemu sawa za duara, kwa hesabu ya witiri, inayojulikana kuwezekana kwa rula na bikari. Hiyo ni moja ya zile mbili zilizozidishana kuipata nambari yetu, ile iliyo ndogo kwa mbili.

Ilibaki 6,700,417. Wazee walikuwa sasa wanataka vigawo navyo vichongwe, chini ya bao, na mzee hakukubali kuchonga nambari ambayo huenda inapasuka tena. Kama inapasuka, kigawo chake kimoja hakizidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 2,588 na kitu, lakini kujaribu tasa zote mpaka hapo ni kazi ya mamia ya migawanyo. Euler aliipunguza: alithibitisha kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha 4,294,967,297 lazima kiwe mara fulani ya 64, kuongeza 1. Tasa za namna hiyo ni chache. 193, 257, 449, 577, kisha 641: ya tano tu, ndiyo maana aliifikia. Zile nne za mwanzo zilishakataa. Kutoka 641 hadi 2,588 ziko saba, na zote saba binti alizigawanya kwenye daftari lake barazani, kwa mkono, huku babu yake akizidisha kinyume kuhakikisha:

641, baki 44. 769, baki 120. 1,153, baki 334. 1,217, baki 832. 1,409, baki 622. 1,601, baki 232.

Ya saba, 2,113, ilimchukua muda kwa sababu adhana ya magharibi iliingia katikati na wazee wakaondoka. Waliporudi jibu lilikuwa limepigiwa mstari: 3,171, baki 94. Kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na vigawo tasa vya jumla yetu ni saba, kila kimoja mara moja: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Njia za kuigawa bila baki, ukichagua kigawo hiki uache kile, ni 2 kwa kipeo cha 7, yaani 128. Hilo ndilo jibu la swali la mzee kuhusu wachukuzi.

Fundi aliivua ile karatasi ya kwanza ukutani na kumpa binti, naye akaikunja akaitia ndani ya daftari. Akafuta mistari ya penseli, akapima upya, nafasi ndogo kila baada ya tarakimu tatu. Kisha akageuza bao na kuanzia kulia, kwenye 5.